Baraza la Nyumba ya Matrah

Mheshimiwa Musallam, mwenyekiti wa kamati ya nyumba za kale, waheshimiwa wakaguzi mliofuatana naye, masheikh wetu, majirani wa Matrah mliovumilia vumbi letu, jamaa zangu, wakubwa kwa wadogo, na mama yangu mzazi, Bi Bakhita, uliyekaa hapo nje mlangoni: assalaam alaykum.

Mimi ni Shurooq binti Nasr. Mheshimiwa ameniruhusu niseme kwa Kiswahili, kwa kuwa na kwao nyumbani ndicho kinachozungumzwa. Nimepangiwa maneno mafupi ya ufunguzi. Lakini nnajua, na nyinyi mnajua, kwamba nikimaliza tu ndiyo ukaguzi unaanza, kwa hiyo nikirefusha mtanisamehe.

Nyumba hii aliijenga babu yetu, baba wa baba yangu, hapa Oman, kabla hajahamia Unguja. Boriti hizo za darini zilitoka Afrika kuja hapa, na yeye akatoka hapa kwenda Afrika. Sisi wajukuu, tuliozaliwa kule, tuliporudi miaka ya sabini tulikuta paa limeanguka na ukuta wa mbele umelala chini. Tukapanga nyumba mtaa wa Ruwi, tukafungua duka la vipuri vya magari, duka likawa shirika, na nyumba tukawaachia paka. Nani angeitengeneza, na kwa fedha zipi? Kila mwenye akili alitushauri tuibomoe tujenge maduka ya kukodisha.

Ndipo ulipokuja mpango huu wenu, mheshimiwa. Shirika likirudisha nyumba ya kale kama ilivyokuwa, bila ya kupunguza wala kuongeza, sehemu ya gharama inakatwa kwenye kodi yake. Kwa kutegemea nafuu hiyo tulikopa benki, na rahani tuliyoweka ni nyumba yenyewe. Nnasema wazi mbele ya watu: tukiikosa nafuu, nyumba hii inachukuliwa. Maji yametufika shingoni.

Nimsifu fundi wetu, Marhoon, aliyekataa katakata kutia simenti hata pale kaka yangu Ghanim alipombembeleza. Kila ufa ameuziba kwa chokaa. Kitu kimoja tu kilimshinda kujua: mbele ya nyumba palikuwaje, na ukuta umekwisha kuanguka? Akatuuliza sisi.

Mama akajibu bila ya kufikiri, "Weka baraza la jiwe. Hapo ndipo mkwe wangu akikaa baada ya alasiri, na kahawa nikimletea mimi." Sote tukaitikia. Ghanim akakumbuka babu alivyokuwa akimfukuza asilipande na viatu. Mimi nikakumbuka ubaridi wa jiwe lile. Tulikubaliana hata urefu wake. Nani angetutilia shaka, watu wazima wote wenye ushahidi mmoja?

Baraza likajengwa, likakauka, likapakwa chokaa. Halafu siku moja akapita jirani yetu, Mzee Thani, ambaye hajapata kuhama mtaa huu tangu kuzaliwa. Akamuuliza Ghanim, "Hili mmelitoa wapi? Hapa palikuwa na ukuta mtupu, sisi tukipiga mpira hapa."

Ghanim akatuletea swali hilo, ndipo tukakumbuka vyema. Babu alikaa barazani, ni kweli, na kahawa aliletewa. Lakini baraza lile lilikuwa Unguja, mtaa wa Malindi. Nyumba hii hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuiona nzima. Tuliulizwa ya huku, sote tukajibu ya kule.

Ghanim akataka livunjwe siku ileile. Fundi akashika nyundo. Mama akatoka, akalikalia. Akasema, "Kule Unguja niliondoka sikuaga. Nilitoka na mtoto mgongoni na ufunguo ndani ya kanga. Vunjeni, lakini muanze na mimi."

Waheshimiwa, mmemkuta amekaa hapo, baibui amelitandaza na mito ameipanga huku na huku, na mkadhani anawapokea kwa heshima. Anawapokea, ndiyo. Lakini pia anaficha jiwe.

Kaka yangu aliniambia nishukuru haraka, kisha nikupitisheni mlango wa nyuma. Ghanim, usiniangalie hivyo. Wako majirani humu wanaongoja kuomba nafuu hii baada yetu. Sisi tukidanganya, wao wataaminiwa na nani? Na mimi nitalalaje ndani ya nyumba niliyoipata kwa kumkalisha mama yangu juu ya uongo? Mheshimiwa, baraza hili halikuwapo. Nnaogopa sana kukwambia, na nimeshakwambia.

Ukiamua livunjwe, tutalivunja. Ukiamua kwamba nafuu imetupita, sijui tutafanya nini, wala sitajifanya kwamba nnajua. Nna ombi moja. Uamuzi wowote utakaoufanya, mwambie Mama wewe mwenyewe, kwa Kiswahili, na kabla hujamwambia ukae pale naye kidogo. Kahawa iko tayari.

Nimemaliza, na maneno ya kurefushia sina tena. Asanteni nyote kwa kunisikiliza na kwa subira yenu. Mama, nnakuomba sogea kidogo, mheshimiwa apate pa kukaa.