Kadi Aliyoipimia Goma

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Valens Nzabonimpa wa Muheto, kule Masisi. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Nasema tena: ishirini na saba. Inauma hata kuitaja.

Valens alizaliwa kwa wafugaji, lakini mikono yake ilipenda kompyuta. Alitengeneza filamu za ndoa na za vilio, ili ndugu waliokimbia vita nao waone. Mashine yake ilikuwa imezeeka. Filamu moja ilichukua siku tatu kukamilika. Akatamani carte graphique mpya, ile kadi inayobeba kazi ya picha ndani ya kompyuta. Mama yake, Nyiramana, akauza ng'ombe wake wa mwisho wa maziwa.

Valens hakununua kwa pupa. Alishuka Goma, akaijaribu dukani asubuhi nzima. Filamu ya siku tatu ikatoka kwa dakika ishirini. Bei akaibishania mpaka muuzaji akachoka. Akarudi anacheka peke yake njiani.

Mama hakuuliza kasi wala bei. Mfugaji wa Masisi hanunui ng'ombe kabla ya kujua atakula majani gani nyumbani.

"Na hii kitu inakulaka nini?" akauliza. "Uliipima na courant ya wapi?"

Ya Goma, jamani. Kule dukani umeme ulitoka kwenye waya. Muheto kuna paneli mbili za jua, na mawingu. Kadi peke yake ilitaka wati mia mbili ishirini. Kompyuta ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Dada yake Agathe anasema Valens alikaa chini, akasema polepole, "Nimekula ngombe ya mama."

Mimi nasema aibu ile ndiyo iliyomtoa nyumbani. Akapita Kalembe, akaingia misitu ya Walikale kuchimba madini, atafute pesa ya paneli zaidi na betri. Alichimba miezi minne. Mwezi wa tano shimo likamporomokea.

Walimzika huko huko, maana njia haikuwa salama kupitisha maiti. Nyumbani vilifika paneli na betri alizokwisha kununua, pamoja na simu yenye video za maziko. Agathe akaunganisha nyaya. Kompyuta ikawaka, haikuzima. Filamu ya kwanza ile kadi kuimaliza Muheto ilikuwa ya kumzika Valens. Dakika ishirini tu.

Nyiramana aliitazama mpaka mwisho. Kisha akamwambia binti yake, "Ile ngombe ilikuwa ngombe tu. Mi sikumuambia."

Mama Nyiramana, dada Agathe, poleni sana. Hatuna neno la kuponya hili, na hatutajifanya tunalo. Nanyi wasikilizaji, kama kuna mtoto wenu aliyekosea na anaona haya kuwatazama usoni, msingoje kesho. Mwambieni leo.