Mapepe Niliyowagawia Watu

Ndugu zangu, tumsifu Yesu Kristo. Na wenzetu Waislamu mliokuja kukaa nasi hapa Mnero, asalaam aleikum. Mnanifahamu kama mtu aliyeacha gongo. Leo nitawaambia gongo lilianzia wapi. Jina la mtu sitataja, wala la kijiji.

Mimi ni mtu wa kuja. Nilizaliwa Kyela, kwenye mpunga, nikasomea kilimo, nikapangiwa huku kuwa bwana shamba miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vipya. Kijiji changu kilikuwa upande wa Ruangwa, kina bonde zuri. Watu walipanda mpunga wao wa zamani, mtamu, ila mrefu mno, upepo ukivuma unalala chini. Chuoni nilikuwa nimejifunza kuchanganya mbegu. Nikajisemea, nitawatengenezea mpunga wangu mwenyewe.

Ni kazi ya subira. Asubuhi, kabla ua la mpunga halijafunguka, unakata ncha yake kwa mkasi mdogo, unatoa vifuko vya kiume kwa kibano, halafu unalipukutishia chavua ya mpunga mwingine. Niliuchanganya ule wa kienyeji na mfupi uliotoka nchi za mbali. Miche iliyotoka, jamani! Ilinawiri, masuke makubwa. Lakini nilipopura, karibu nusu ilikuwa mapepe, maganda matupu.

Ndugu zangu, nawaambia, nilijua maana yake. Kila mmea una nyuzi za urithi, nusu za baba, nusu za mama. Mmea ukitaka kutengeneza chavua na yai, nyuzi hizo kwanza hukutana mbili mbili, kila moja na mwenzake, ndipo zinaachana. Wazazi wakiwa wa koo za mbali mno, nyuzi zao hazipatani, mgawanyo unaharibika, chavua inatoka imekufa. Unauona mmea una afya, kumbe hauzai. Mbegu ya namna hiyo huchujwa mche kwa mche, msimu baada ya msimu, mpaka ibaki inayozaa tu. Mimi sikuchuja. Niliizidisha tu ile mbegu iwe nyingi. Nilitaka wakubwa wa wilaya waje waone.

Nikaigawa. "Ile ya zamani pikeni mle," niliwaambia.

Mmoja tu alikataa, mjane wa Kimakua aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma na mjukuu wake wa kike. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mpunga wako sijauona ukizaa. Huu wangu naujua." Nikamcheka mbele za watu.

Bonde lilipendeza mwaka ule. Lakini mpunga ukijaa huinama, na ule haukuinama. Masuke yalisimama wima mpaka yakakauka. Ukiliminya suke, karibu punje zote ni maganda matupu. Jaruba moja tu ndilo lililoinama, la yule mjane.

Mnaelewa watu walisema nini. Walisema amevuta punje za wenzake kwa uchawi. Mkutano ukaitishwa, na mwenyekiti akanigeukia. "Bwana shamba, wewe ndiye msomi. Hii ni mbegu, au ni mkono wa mtu?"

Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Mbegu ni nzima."

Hata jua halijazama, nyumba ya yule mama ilikuwa inawaka, na kihenge chake. Walitoka wawili, mjukuu ameungua mgongo. Nilisimama pale pale nikaangalia. Baadaye nilisikia yule mtoto amezikwa Chinongwe, walikokimbilia.

Njaa ikaingia. Watu waliishi kwa ming'oko ya kuchimba porini, na wakikutana nami njiani walinipa pole, kwamba uchawi umeniharibia kazi. Pole ile ndiyo iliyonipeleka kwenye gongo. Nilikunywa mpaka nikafukuzwa kazi, mke wangu akarudi kwao. Katekista mmoja aliniokota mtaroni, barabara ya Nachingwea, nimejitapikia. Akaniogesha kwa sabuni, siku hizo sabuni ilikuwa ya kutafuta. Nikamweleza yote. Nilidhani ataniombea. Akasema, "Kesho tunakwenda Chinongwe."

Tulimkuta yule mama anaanika makopa. Nikapiga magoti, nikasema yote. Alisikiliza huku anageuza mihogo yake, kipande kimoja kimoja. Nilipomaliza akasema, "Unaniambia mimi? Mimi najua sikuroga. Kawaambie wao."

Hilo tu. Hakunikaribisha kukaa.

Nikaenda. Nikasimama mbele ya mkutano ule ule nikasema: mbegu ilikuwa mbovu, nilijua, niliwadanganya. Mwanamume mmoja aliyeshika kiberiti siku ile alikaa chini akalia kama mtoto. Mwingine alinipiga, na hili pengo mnaloliona ni lake. Sikumlaumu. Wakatuma wazee wamwombe yule mama arudi. Aliwajibu, "Nimeshazika huku." Hakurudi.

Tangu siku ile sijaonja gongo, na huu ni mwaka wa tatu. Usingizi umenirudia, si kila siku. Namshukuru katekista, anajijua. Nawashukuru ninyi mnaokaa nami kila wiki bila kunichoka. Namshukuru yule mama, ambaye hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijathubutu kumwuliza.

Kama kuna mtu humu ana kosa analolificha, ninalo neno moja kwake. Liseme leo. Kosa ukilikana, watu hawaliachi likakaa bure. Watalitafutia mtu wa kulibeba, nao huenda kwanza kwa yule asiye na ndugu wa kumtetea.