Goti la Mcheza Kirumbizi

Tangu mashua ya abiria ing'oe nanga Pate, Gharib alikuwa ameunyoosha mguu wake wa kulia kama mtu anayestarehe, ili asiulizwe. Akaulizwa.

"Na fimbo hiyo, mwanangu?" alisema Bi Shifaa, mama asiyemjua, aliyeketi mkabala naye.

"Ya kirumbizi, Bi. Nilianguka mnazini nikategua goti, nikapumzika. Leo narudi mazoezini Amu. Nimepoa."

"Nilikuona ukipanda. Uliiegemea."

"Niliishika tu."

"Basi fimbo ni moja, Bwana. Ukiiinua umpige mwenzio, utasimama kwa nini?"

Mashua nzima ikacheka, hata nahodha, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemwonyesha mtu meno. Gharib masikio yalimwaka moto. Jioni hiyo Mwalimu Mahdi, anayewafunza mchezo huo wa fimbo, angechagua watakaocheza Maulidini. Asiyefika hachaguliwi, na atakayefika akaanguka, mji mzima utamtungia wimbo.

"Goti ni langu, Bi."

"Lako, naam. Lakini kulikanda atalikanda mamako. Ngoja mwakani."

"Mwakani watakuwa wamezoea kucheza bila mimi."

Bi Shifaa aliitazama fimbo, kisha goti. "Kiburi unacho," akasema kwa upole. "Lililobaki ni goti."

Kabla Gharib hajajibu, mashua iligusa gati la Amu. "Mpeni ndia mcheza kirumbizi!" akapaza sauti nahodha. Na abiria, ambao siku zote hugombania kushuka, wakatulia wote mahali pao, wakamtazama yeye na fimbo yake.