Uzi Huu Unataka Watu Wawili

Sogeeni, wanangu, mwache kutazamana kama majirani waliogombea ukuta. Polikseni, keti kulia kwangu, Argiri, kushoto, na nesi asinizibe mdomo, kwani mimi Stamatis nimesanifu majengo ya mji huu wa Volos tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kufa bila hotuba itakuwa aibu kwa familia nzima.

Nyumba nawaachia nyote wawili, mizeituni ya kule Pilio pia, na ile chupa ya tsipuro, pombe yetu kali, iliyo chini ya kitanda, ambayo daktari kanikataza, namwachia daktari. Hayo hayana vita. Vita ni ile chekechea ya mtaa niliyoichora, ambayo bado haijajengwa. Najua, maana ukuta wa chumba hiki niliuchora mwenyewe, mwembamba, na jana niliwasikia mkipayuka jikoni. Wewe Polikseni unataka ijengwe kama nilivyoichora, hata dirisha lisisogee, iwe ukumbusho wa baba. Wewe Argiri unasema mchoro wa mzee umepitwa na wakati, kompyuta yako itatoa mipango mia kabla kahawa haijachemka. Nikajisemea, ama kweli nimezaa mmoja wa kulinda kaburi na mwingine wa kulichimba.

Sikilizeni basi. Wanafunzi wangu waliniuliza miaka yote, "Mwalimu, wazo linatoka wapi?" Nikawajibu, kwa jogoo. Wakacheka. Sikuwa natania.

Siku ya kuweka msingi wa nyumba ya bibi Garufalia nilikuwa kijana, nimechora vyumba vyote kwa mistari ya chokaa juu ya ardhi, padri kafika, na jogoo wa kuchinjwa msingini, kama desturi yetu, yuko mikononi mwa fundi. Jogoo akamponyoka. Wee! Ukoo mzima ukamkimbiza, padri kakunja joho, wanaruka kuta zangu kana kwamba hazipo. Bibi Garufalia peke yake hakuruka. Alifika kwenye mstari, akasimama, akanigeukia: "We kijana, mlango wa uani uko wapi? Kwani mimi mzimu, nipite ukutani?" Nikamjibu kwamba mlango uko upande wa barabara, ndivyo mchoro unavyosema. "Basi uambie mchoro wako ukamkamate jogoo!"

Nikatazama vumbi. Nyayo za watu wote zilikatiza mahali pamoja, kutoka jikoni kwenda uani. Nikafuta chokaa kwa kiatu changu, nikaweka mlango papo hapo. Jogoo alikwisha kupanda mtini. Padri akabariki msingi bila damu, tukala maharage, na yule jogoo akafa kwa uzee.

Tangu siku ile sijajenga kitu ambacho watu hawajakikanyaga kikiwa bado mistari ya chokaa. Kuchora ni kuuliza, wanangu, na ile chekechea niliugua kabla sijaiuliza. Kwa hiyo Polikseni, mama yangu, usiubusu mchoro wangu kama picha ya mtakatifu. Na wewe Argiri, katika hiyo mia yako chagua mmoja, uupeleke ukakanyagwe. Kesho asubuhi nendeni kiwanjani, mchore kwa chokaa mchoro wangu, kisha wa Argiri, muwaachie watoto wa mtaa na mpira, nanyi mkae pembeni mfunge midomo. Wakifuta mstari kwa miguu yao, msilie. Uhamisheni.

Unasemaje, Polikseni? Wakifuta yote? Basi nitakuwa nimekosea yote, mama, na kiwanja mnacho. Usicheke, Argiri, wako utafutwa kwanza.

Kaburi langu nalo litieni chokaa, Argiri alale humo ajaribu. Asipoona bahari, lisogezeni.

Ngojeni... nipumzike kidogo. Chini ya mto wangu kuna uzi. Ule wa chokaa, unaovutwa ncha mbili na kupigwa katikati uache mstari ulionyooka. Huo sikuugawa, haugawiki... mtu akiushika peke yake ni kamba ya kuanikia nguo tu. Chukua ncha hii, Polikseni. Argiri, ile. Vuteni, upite juu ya kifua changu.

Mungu awape macho ya kuona mlipokosea... na kiatu cha kufutia. Mama yenu Evanthia, huko aliko, awaone mkila meza moja.

Kazeni. Mbona unalegeza, mwanangu? Mtazame dada yako, ndipo uzi unanyooka... ndiyo. Hivyo. Katikati nitaupiga mimi... kidole hiki... bado kinaweza...

Haya. Umenyooka.

Msiachie.