Zéphyrin Nzabandora, Aliyecheza Wima

Bapapa, bamama, wandugu wote mulioacha kazi zenu mukapanda hii kilima ya Karuba leo, Siku ya Kwanza, ndiyo jumatatu, tarehe 16 Februari 2026: mimi ni Godelieve Mukankusi, dada mukubwa wa marehemu. Karatasi muliyopewa kwa mulango iko na wasifu mufupi. Mule wameandika tu kwamba "alipenda michezo". Ile mistari ilipangwa na wajomba, na waliipanga kwa kuogopa wageni. Mimi nitasoma ya kwangu. Muchungaji ameniomba nisiwe mukali, na nimemuitikia ndiyo.

Zéphyrin Nzabandora alizaliwa hapa Karuba tarehe 3 Mai 1988, mutoto wa tatu wa Papa Dusabimana, ambaye wengi mulikula fromaji yake, jibini ya maziwa. Nyuma ya nyumba kulikuwa meza ndefu ya mbao ya kukaushia hizo fromaji. Siku moja Zéphyrin, akiwa na miaka saba, alisukuma fromaji zote pembeni, akapanga viazi vidogo vya mbegu juu ya meza, akawa anavipiga na muti wa ufagio vianguke ndani ya debe. Papa alikuta fromaji kumi na moja chini na kuku wanazila. Alimuchapa sawasawa. Jioni yake nilimuona Papa yeye mwenyewe ameshika ule ufagio, anafunga jicho moja, anajaribu.

Alisoma shule ya musingi hapa Karuba, kisha sekondari Mushaki mpaka mwaka wa tatu. Mwaka 2006 vita ilifunga barabara, shule ikafungwa, na hakurudi tena. Tusimudanganye maiti: hakuwa muntu wa daftari. Hesabu alikuwa anaipata, lakini Kifaransa njo kilikuwa kinamupata yeye.

Mwaka 2009 alienda Omate, kule Walikale, kuchimba zahabu. Ni kule alikutana na meza ya biyari ya kweli, ile ya fimbo na mipira, kwa mara ya kwanza. Wanaume kumi waliibeba siku nne kwa mabega, ndani ya pori, na jiwe lake chini likiwa nzito kama dhambi. Mwaka wa kwanza alikuwa anaangalia tu. Mwaka wa pili hakukuwa muntu wa kumushinda Omate nzima. Mwaka 2018 wenye mabar ya kutoka Omate mpaka Kalembe waliunda ligi yao, wakaiwekea presida na Komisheni ya Nidhamu, na Zéphyrin alichukua kikombe mara tatu kwa kufuatana. Alikuwa anainama mpaka kidevu kinagusa fimbo, anatulia, kisha mupira unaenda mwenyewe. Watu walikuwa wanaacha pombe yao ipoe ao ipate moto, shauri yake, ili kumuangalia.

Tarehe 28 Juni 2014, kule Kalembe, alimuoa Nadine, binti wa Mama Emérita. Mama Emérita munamujua: njo kiongozi wa wamama wa kanisa kule Kalembe, na amekaa pale mustari wa mbele, kitambaa cheupe kwa kichwa. Mungu aliwapa watoto wawili, Élie na Mamy. Zéphyrin alikuwa bwana mwema, na alikuwa mukwe muzuri kupita kiasi. Neno hilo nitalirudilia, kwa sababu ndilo lilimuua kabla ya kikohozi.

Wageni wajue desturi yetu. Mukwe hamupi mama-mukwe mugongo akiwa ameinama. Hiyo ni aibu isiyooshwa na maji. Mwanaume akiwa analima na mama-mukwe akapita kwa njia, anasimama wima, anaweka jembe chini, anangoja mpaka mama apotee kwa kona. Zéphyrin alikuwa anafanya hata zaidi: mama-mukwe akiwa ndani ya nyumba, hakufunga kamba ya kiatu.

Sasa musikilize, maana hapa njo karatasi ya wajomba imeruka. Siku ya posho, ndiyo jumamosi, tarehe 9 Oktoba 2021, siku ya soko, kulikuwa finale ya ligi ndani ya bar moja ya Kalembe. Zéphyrin alikuwa anacheza na Thierry, kijana wa Kalembe pale pale, na wa kwanza kushinda michezo mitano ndiye bingwa. Zéphyrin alikuwa na mine, Thierry moja. Mvua ya mawe ikaanguka. Watu wa soko wakakimbilia ndani, na kati yao mama mumoja alijifunika kitenge mpaka puani, na beseni yake ya maharagwe, akaketi juu ya kreti ya pombe kwa ukuta wa mulango. Hakuna aliyemutambua. Zéphyrin alitambua beseni, kwa sababu ni yeye aliyeinunua.

Alikuwa Mama Emérita.

Kiongozi wa wamama wa kanisa, ndani ya bar, siku ya soko! Kumuambia "Mama, toka" kungekuwa kumutaja. Kusimamisha mchezo, watu wangeuliza sababu. Basi ndugu yangu alicheza. Akiwa upande wa dirisha, alikuwa anamuelekea mama uso kwa uso, na alipiga kama bingwa. Akiwa upande wa mulango, mama alikuwa nyuma yake, na alipiga wima, mikono juu, kama muntu anayetoa nyoka ndani ya shimo. Mipira ilienda kila mahali isipokuwa kwa tundu. Mvua haikukatika. Thierry alishinda michezo mine mufululizo, akachukua kikombe, na walioweka pesa ya pari juu ya ushindi wa Zéphyrin wakavunja viti.

Tarehe 19 Oktoba Komisheni ya Nidhamu ilimuita. Presida wake ni Papa Floribert Kanyamibwa, yule wa koti ya kahawia, karibu Papa, tunakuona. Nilikuwa ndani siku ile, nimeketi pamoja na familia, kwa hiyo hakuna aliyenihadisia.

"Zéphyrin," Papa Floribert alimuuliza, "upande mumoja uko fundi, upande mwingine uko mutoto. Thierry alikupa nini?"

"Hakunipa kitu, Papa."

"Shahidi aliwaona munakula mishikaki pamoja ijumaa, siku moja kabla ya finale."

"Ni mimi nililipa, Papa. Alikuwa na njaa."

Watu wakacheka. Papa Floribert hakucheka. "Basi kwa nini hukuinama?"

Zéphyrin aliangalia miguu yake. Kisha akasema: "Mugongo ilikuwa inaniuma."

"Haya, inama hapa."

Na ule mujinga wangu, ambaye hakujua kusema uongo hata mara moja akaumaliza, aliinama. Alishika vidole vya miguu bila kupiga kelele. Karani akaandika: mugongo iko sawa.

Waliandika kwamba ameuza match, na kwamba amefutwa ndani ya ligi maisha yake yote, asicheze, asifundishe, asiingie mahali popote penye meza ya biyari. Aliomba kitu kimoja tu, wasome ile hukumu ndani. Waliisoma sokoni na mikrofoni. Kisha wakachukua fimbo yake, wakaikata vipande viwili na musumeno mbele ya watoto wake. Élie alikuwa na miaka sita. Alienda kuokota vipande, na muntu mumoja akamupiga teke kwa mukono.

Toka siku ile alikuwa anaitwa Vendu, ni kusema, aliyejiuza. Omate, bar ilikuwa inamukatalia hata maji ya kunywa, kwa sababu maji iko upande wa meza. Mamy alipoingia shule, mwalimu alimuandika jina lake, na watoto wakamuandikia lingine kwa ukuta: mutoto ya Vendu. Munaweza kusema watoto hawana akili. Sawa. Na wakubwa?

Mukubwa mumoja ni mimi. Papa yetu alipofariki, Machi 2023, Zéphyrin alitembea kutoka Omate mpaka hapa. Alifika miguu imevimba, akaweka mukono chini ya sanduku pamoja na ndugu zake. Nilimutoa ule mukono. Nilimuambia mbele ya wote: "Muntu aliyeuza match atauza na shamba ya Papa. Rudi nyuma." Alirudi nyuma. Alisimama kule kwa miti ya mikaratusi mpaka tukamaliza, na chakula tulimutumia kwa sahani ya plastiki. Nilisema moyoni: unaona, ananyamaza, ana kosa. Eh Mungu wangu! Miaka karibu tatu nililala vizuri na ile hukumu yangu.

Mwaka 2024 Nadine alichoka. Alienda kwa mama yake, akapiga magoti: "Mama, enda kwa Papa Floribert. Sema tu ulikuwa pale. Hata kwa siri." Kwa sababu Mama Emérita yeye mwenyewe alikuwa amemuhadisia jioni ya ile finale, akicheka: "Bwana yako anacheza wima kama muti wa bendera, nilifikiri ni ulevi." Alicheka, njo vile. Lakini siku ile ya magoti alijibu: "Mimi hapana muntu wa kuingia mu bar." Nadine akasema ataenda yeye. Zéphyrin alimukataza. Alisema: "Acha mama na cheo yake. Nitamupelekaje mama-mukwe mbele ya wanaume wamuulize alikuwa wapi?" Heshima ya namna hiyo, jamani, mimi siipendi. Naisema hapa mbele ya sanduku lake: siipendi. Alimulinda mama yule, na watoto wake yeye wakapigwa.

Ugonjwa ulianza Julai 2025. Vumbi ya shimo ilikuwa imemujaa kifua, na alikuwa anakohoa damu. Wenzake hawakumubeba haraka, maana nani anamubeba Vendu? Alishuka mwenyewe mpaka Kalembe kidogo kidogo, wiki mbili. Muganga wa kituo cha afya alimuambia alale, lakini kitanda kilichobaki kilikuwa ndani ya chumba kinachotazama bar, na wanaume walikuwa wanamuonyesha kidole kwa dirisha wakibeba chupa. Alirudi nyumbani. Alikata roho tarehe 12 Februari 2026, siku ya ine, ndiyo alhamisi, saa tatu ya asubuhi, Nadine akimushika kichwa. Alikuwa na miaka makumi tatu na saba. Tulimubeba kutoka Kalembe mpaka hapa, kupita vizuizi vine vya wenye bunduki. Hata wale walitoa kofia.

Siku ya kwanza ya matanga, Nadine na mimi tulikuwa tunachambua maharagwe. Akaniambia yote. Nilimuuliza kwa nini hakusema zamani. Akajibu: "Dada, alinikatalia akiwa hai. Sasa hawezi tena kunikatalia." Basi na mimi nasema, na hakuna wa kunikatalia.

Jana Papa Floribert alileta maua na barua. Nilifurahi, nikafungua mbio. Barua inasema adhabu "imesimamishwa kwa sababu mukosaji amefariki". Mukosaji! Nilimuuliza nini inaweza kufuta lile neno. Alijibu kwa adabu, na ninamushukuru: shahidi mumoja aliyekuwa ndani ya bar, aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, hata kesho, hata kwa maziko, na ataandika pale pale. Kalamu anayo kwa mufuko. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulifanya nusu ya kwanza vizuri sana.

Marehemu anaacha mujane, Nadine, watoto wawili, Élie na Mamy, dada mumoja, mimi, ambaye nilimutoa mukono chini ya sanduku la baba yake, ndugu wawili, na mama-mukwe mumoja, Mama Emérita, muzima, mwenye afya.

Mama Emérita, sina matusi kwako. Sitaki useme mingi. Sema tu "nilikuwa pale", maneno mawili, kisha uketi. Kanisa litakusamehe mvua. Wenye majembe wangoje. Zéphyrin apumzike sasa, yeye alimaliza kazi yake. Sisi wengine tubaki macho mpaka mama aseme.

*

Niliandika haya yanayofuata kwa mukono wangu, nyuma ya karatasi, tuliporudi nyumbani, ili Élie na Mamy wasome wakikua.

Tulingoja. Papa Floribert alitoa kalamu, akafungua barua juu ya goti. Mama Emérita alisimama. Nadine akanishika mukono kwa nguvu mpaka nikaumia. Mama alinyoosha kitenge, akaangalia sanduku, akafungua kinywa, na akaanzisha wimbo wa maziko. Sauti yake iko nzuri, hakuna mwingine kama yeye Kalembe nzima. Wamama wake wakamupokea, kisha wanaume, kisha mulima wote, na wenye majembe wakadhani ni wakati, wakaanza kutupa udongo. Papa Floribert alikunja barua, akarudisha kalamu kwa mufuko. Nilitaka kupiga kelele. Nilifika kwa mustari wa pili, ule tunaoujua wote toka utoto, nikajikuta naimba.