Dkt. Solveig Thorvaldson: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kurudi Penye Kovu

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, Dkt. Solveig Thorvaldson anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya upasuaji wa figo hapa Winnipeg. Mimi ndiye niliyewapa wagonjwa wake nusukaputi kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo, kwa hiyo nimemvumilia kuliko wengi.

Alichagua kazi waliyoikwepa wenzake: wagonjwa ambao saratani ya figo imewarudia baada ya kupasuliwa. Mara ya kwanza unapomfungua mtu, kila kitu kiko mahali pake. Mara ya pili kovu limeshika yote; figo imegandana na utumbo na mishipa huioni. Damu hupotea zaidi, mkojo huweza kuvuja, na pengine figo yenyewe haiokoki. Wengi walishauri ing'olewe tu. Solveig alijaribu kwanza kuinusuru, na wagonjwa wake walio wengi walirudi nyumbani na figo inayofanya kazi.

Alikwenda polepole mno. Madaktari vijana waliotazama saa aliwaambia wenye haraka wakacheze mpira wa magongo kwenye barafu. Yeye mwenyewe alicheza mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu kila msimu, na timu yake ilishindwa kila msimu. Tena aliimba akishona, na hakuna aliyewahi kuutambua wimbo wowote.

Hakumpasua mtu kabla mtu huyo hajamweleza hatari zote kwa maneno yake mwenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu alizieleza vizuri, kisha akampa daktari alama saba kati ya kumi kwa kusema haraka. Solveig alijitapa kwa alama hizo mwezi mzima.

Orest Hnatiuk, dereva wa mashine ya kulainisha barafu uwanjani, alikuwa amebakiwa na figo moja. Solveig alishaipasua mara moja, na uvimbe ukarudi. Orest alitaka ijaribiwe tena. Alipoulizwa hatari, alijibu bila kuzunguka: "Naweza kulala ninayo, nikaamka sina. Fanya hivyo hivyo."

Tulikaa ndani mchana kutwa. Kovu lilikuwa gumu, mshipa ukapasuka, damu ikatushinda. Solveig aliitoa ile figo ili Orest abaki hai. Orest alipozinduka, Solveig alimwambia mwenyewe, amekaa kando ya kitanda, na hakumlaumu mtu wala kovu.

Orest aliyajua yote kabla, lakini kujua hakupunguzi uchungu. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na miezi miwili hakutaka kumwona daktari wake. Solveig alikwenda huko kila Jumatano, akaketi kando yake, na Orest akaugeuzia ukuta uso. Nilimwambia aache kujitesa. Aliniambia nishughulike na nusukaputi yangu. Siku moja Orest, bila kugeuka, aliuliza kama ile timu ya mawe imeshindwa tena. Ilikuwa imeshindwa. Tangu hapo wakazoeana.

Miaka mitatu imepita na saratani haijarudi. Jumanne ijayo dada yake Orest, Lesia, anampa figo yake moja, na kazi hiyo wataifanya wapasuaji wengine, nami nitatoa nusukaputi. Wiki iliyopita nilikuwapo Orest alipomwita Solveig.

"Daktari, Jumanne hutakuwa na kazi, sivyo?"

"Sitakuwa nayo."

"Basi njoo ukae na mke wangu. Darka akiachwa peke yake atazitafuna kucha zote."

Solveig alikubali, kisha akatoka haraka kidogo kuliko kawaida yake.

Kwa hiyo Jumanne atakaa kwenye viti vya wanaosubiri, bila koti jeupe, na kahawa yetu mbaya mkononi, hajui kinachoendelea ndani.

Daktari, idara nzima inakushukuru kwa mkono wako mtulivu na ulimi wako usiotulia. Pumzika vya kutosha, na timu yako ishinde japo mara moja. Jumanne nitatoka mwenyewe kukupa habari, wewe na Darka. Nitaanza na mabaya, kama ulivyowafanyia jamaa za wagonjwa miaka yote. Naomba Mungu nikose pa kuanzia.

Dkt. Ramona Guiboche, Idara ya Nusukaputi