Mwenye Ufunguo wa Ukumbi

Bawabu wa shule alikuwa amefumba macho, ila masikio hayafumbwi. Mbele yake abiria wawili, kijana wa zimamoto na mama wa idara ya afya, walikuwa wamefunguliana mafaili mapajani. Walifahamiana humo humo kwenye treni, wakagundua kuwa kila idara imeandika mpango wake wa mafuriko kivyake.

"Sisi tukiokoa watu tunawapeleka ukumbi wa shule ya bondeni," alisema kijana. "Unaingiza mia tatu."

Mama akapitisha kidole kwenye karatasi yake. "Na sisi tumeandika huo huo, mwanangu. Mia tatu. Ila wetu watakuwa wameshafunikwa shuka."

Bawabu alifumbua jicho moja. Ukumbi huo aliufagia asubuhi.

"Basi nyie tafuteni kwingine, mama. Walio hai kwanza."

"Walio hai wanaweza kusubiri nje. Wangu wataharibika." Alisema kwa upole, kama mtu anayepanga viti vya harusi.

"Ufunguo anao nani?"

"Bawabu. Namba yake hii hapa."

"Hata kwangu ipo. Mlishamwambia?"

"Tulidhani mmemwambia nyie. Hebu tumjaribu."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa bawabu, ikawa inagongana na ufunguo. Treni ikasimama bondeni. Alishuka bila kuipokea, akakanyaga maji, na nyuma yake akamsikia mama akisema, "Inaita tu. Haya, huyu namwandika kwangu."